Mabehewa ya mbao ya reli za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale waliowahi kuona picha ya zamani ya treni ikipita juu ya mtaa wa New York au Chicago, kwenye nguzo za chuma, wakajiuliza kama yale mabehewa kweli ni ya mbao. Ni ya mbao, na baadhi yake yalibeba abiria kwa zaidi ya miaka 60. Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia kwa yale ya watu ambao ugonjwa wa treni umeshawaingia. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Ya kuanzia

Reli ya juu ni ipi hasa?

Ni reli ya mjini iliyojengwa juu ya nguzo, barabara ikiendelea na shughuli zake chini. Abiria anapanda ngazi hadi stesheni, treni inapita karibu na madirisha ya wapangaji wa ghorofani, na chini yake farasi wanavuta mikokoteni. Mitaa ya New York ya miaka ya 1860 ilikuwa imesongamana mno, na handaki lilikuwa ghali, tena treni ya mvuke ndani ya handaki ilimaanisha kumvutisha abiria moshi njia nzima. Kwenda juu ndiyo ikaonekana njia rahisi.

Behewa la reli ya namna hii lilikuwa na masharti yake. Lilitakiwa liwe jepesi, kwa kuwa kila kilo yake inabebwa na nguzo. Lilitakiwa kupinda kona za mitaa, ambazo ni kali kuliko kona zozote za reli ya masafa marefu. Na lilitakiwa kushusha na kupakia watu haraka, maana stesheni zilifuatana karibu karibu. Likumbuke hilo la uzito. Ndilo linalojibu nusu ya maswali ya ukurasa huu.

Yalianza lini na wapi?

New York, Mtaa wa Greenwich. Charles T. Harvey alijenga kipande kifupi cha njia moja juu ya nguzo, na Desemba 1867 akapanda mwenyewe juu ya magurudumu na fremu tupu kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka uliofuata mabehewa yalianza kupita. Hayakuvutwa na kichwa cha treni: kulikuwa na kebo iliyozungushwa na injini za mvuke zilizosimama mahali pamoja, na behewa lilijishika kwenye kebo hiyo.

Kebo ilisumbua, fedha zikakatika, mali ikauzwa. Wamiliki wapya wakaleta vichwa vidogo vya mvuke mwaka 1871, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipoanza. Kufikia mwaka 1880 kisiwa cha Manhattan kilikuwa na njia nne: barabara za Second, Third, Sixth na Ninth.

Kama njia yenyewe ni ya chuma, mbona mabehewa hayakuwa ya chuma?

Kwa sababu hakuna aliyekuwa akitengeneza behewa la abiria la chuma kitupu wakati huo, labda la majaribio. Viwanda vya mabehewa vilikuwa karakana za maseremala. Fundi alijua mwaloni unabeba mzigo kiasi gani, msonobari unapinda wapi, kiungo kipi kitalegea baada ya miaka kumi ya kutikiswa. Mbao ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, na ikivunjika inatolewa na kuwekwa nyingine bila tanuri wala misumari ya moto.

Nguzo nazo zilipimwa kwa uzito wa mbao. Ukishajenga kilomita nyingi za njia kwa hesabu ya behewa jepesi, hubadilishi behewa bila kugusa njia. Uamuzi wa miaka ya 1870 uliwafunga wajukuu wa walioufanya. (Tazama swali la kwa nini yalidumu hadi 1969.)

Nani aliyatengeneza?

Kwa Marekani majina yanayojirudia ni Gilbert wa Troy, Jackson & Sharp wa Wilmington, Pullman, Wason wa Springfield, Osgood Bradley wa Worcester, Laconia na Jewett. Kwa Liverpool, Uingereza, ambako nako kulikuwa na reli ya juu, mabehewa ya kwanza yalitoka Brown, Marshalls wa Birmingham.

Usichanganye akina Gilbert wawili. Rufus Gilbert alikuwa daktari aliyechoshwa na magonjwa ya mitaa iliyobanana, akaota njia ya juu yenye mirija ya kusukuma mabehewa kwa hewa. Mirija haikujengwa, ila njia ya mvuke yenye jina lake ilifunguliwa Sixth Avenue mwezi Juni 1878. Uri Gilbert wa Troy ndiye mwenye kiwanda cha mabehewa.

## Umbo na undani

Behewa lenyewe lilijengwaje?

Anza chini. Mihimili mirefu ya mbao nzito ililazwa kutoka mwisho hadi mwisho, na chini yake zikapitishwa fito za chuma zilizokazwa kwa skrubu katikati. Fito hizo ndizo zilizozuia behewa lisibonyee mgongo. Behewa likizeeka na kuanza kulegea tumbo, fundi aliingia chini na spana kubwa, akakaza, sakafu ikanyanyuka tena. Ukiona picha ya behewa la mbao kutoka ubavuni, fito hizo zinaonekana wazi zikishuka kutoka kwenye bogi moja (fremu yenye magurudumu iliyo chini ya kila mwisho wa behewa) na kupanda kwenye nyingine.

Juu ya mihimili zilisimama nguzo za mbao ngumu, kati ya dirisha na dirisha. Nje ubavu ulifunikwa kwa mbao nyembamba zilizopangwa wima au kulala, kisha rangi tabaka juu ya tabaka, vanishi, na namba za kuchorwa kwa mkono. Paa lilikuwa la mbao zilizovikwa turubai lililopakwa rangi nzito lisivuje. Katikati ya paa palikuwa na sehemu iliyopanda juu zaidi, yenye vidirisha pande zote mbili vya kutolea joto na moshi wa taa. Mbunifu wa leo angekuuzia hicho kama teknolojia ya kijani.

Ndani walitumia mbao za kujivunia: mahogani, jamaa wa mkangazi wetu, na mwaloni. Abiria wa senti tano aliketi katikati ya useremala ambao leo ungeuona kwenye ofisi ya wakili mkubwa.

Ni kweli mabehewa ya mwanzo yalikuwa na tumbo linaloning'inia?

Ni kweli. Katika miaka ya 1870 watu waliogopa treni itapinduka na kuwamwaga barabarani. Watengenezaji wakashusha sakafu ya katikati, ikaning'inia chini kati ya bogi mbili, ili uzito ukae chini. Ukiingia mlangoni ulikuwa juu ya magurudumu. Ukishuka vidaraja ulifika sehemu ya kukaa. Watu wa enzi hizo waliyaita kwa jina la tumbo la samaki.

Wahandisi walipoona treni hazipinduki ovyo, walirudi kwenye sakafu iliyonyooka. Vidaraja vya ndani vilikuwa vinachelewesha watu, na kuchelewa ndiko kulikouma kampuni.

Abiria walikaaje, na taa na joto vilitoka wapi?

Mpangilio uliozoeleka Manhattan ulikuwa wa mchanganyiko: karibu na milango viti virefu vimeegemea ubavu, ili pawe na nafasi ya kusimama na kupita; katikati viti vya kukabiliana, watu wawili wawili, kando ya dirisha. Viti vilisukwa kwa henzirani, inayofutika vumbi na isiyoshika kunguni kama kitambaa.

Mwanga ulianza kwa taa za mafuta, ukaja wa gesi iliyoshindiliwa kwenye mitungi chini ya sakafu, kisha balbu. Joto la majira ya baridi lilitoka kwenye kichwa cha treni kwa bomba la mvuke, na baada ya umeme likatoka kwenye hita zilizofichwa chini ya viti. Aliyekaa juu ya hita aliungua miguu, aliyesimama mlangoni aliganda.

Yale mageti ya chuma mwishoni mwa behewa yalikuwa ya kazi gani?

Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mabehewa haya hayakuwa na milango ya ubavuni. Kila mwisho ulikuwa na kibaraza kilicho wazi, chenye paa lakini hakina kuta, na pande zake za kulia na kushoto palikuwa na geti la chuma, urefu wa kifua cha mtu. Abiria alitoka ndani kupitia mlango wa mwisho, akasimama kibarazani, akasubiri geti.

Kati ya kila mabehewa mawili alisimama konda mmoja, mguu mmoja kibaraza hiki na mwingine kile, reli zikikimbia chini ya pengo. Mbele yake palikuwa na mikono ya chuma iliyounganishwa na mageti. Treni ikisimama anavuta, mageti yanafunguka upande wa stesheni. Watu wakiisha anasukuma, yanajifunga kwa kishindo. Mvua, theluji, upepo wa mtoni, yote yake.

Ishara ya kuondoka ilitembea kutoka nyuma. Konda wa mwisho akishafunga anavuta kamba ya kengele. Anayefuata akisikia, naye akiwa amefunga, anavuta yake. Hivyo hivyo mpaka kengele ilie kwa dereva. Konda mmoja akiwa na bibi aliyebeba vikapu, treni nzima inamngoja. Treni ya mabehewa sita ilihitaji makonda watano na dereva, na mishahara hiyo ndiyo iliyozifanya kampuni, kuanzia miaka ya 1920, zianze kuyafanyia kazi mabehewa ya mbao upya: kuziba vibaraza, kutoboa milango ubavuni, na kumwezesha mtu mmoja kufunga milango ya mabehewa mengi kwa hewa na umeme.

Watu walikuwa wakisafiri kibarazani?

Walikuwa, hasa saa za kwenda na kutoka kazini.

Nauli ilikuwa kiasi gani?

New York ilianza na senti kumi, isipokuwa saa za msongamano ilipokuwa senti tano. Kuanzia mwaka 1886 ikawa senti tano wakati wote.

Nimeona picha ya behewa la Brooklyn lisilo na ubavu. Liliharibika?

Hapana, ni la majira ya joto. Brooklyn ilikuwa na mabehewa ambayo ubavu wake ulifunguliwa kwa vipande: ikifika joto vipande na madirisha viliondolewa, ikawekwa wavu wa kuzuia watu wasianguke, na treni ikaenda Coney Island na upepo ukipita katikati. Baridi ikirudi, karakana ilirudisha kila kipande mahali pake. Vipande hivyo vilikuwa na namba kwa kila behewa, kwa sababu mbao mbili zilizokatwa kwa kipimo kimoja hazivimbi sawasawa.

## Kutoka mvuke hadi umeme

Kabla ya umeme yalivutwa na nini?

Na vichwa vidogo vya aina ya Forney, jina la mhandisi Matthias Forney aliyeipatia hataza miaka ya 1860. Maji na makaa vilikaa nyuma ya dereva kwenye fremu ile ile ya injini, hapakuwa na behewa la makaa, na kichwa kiliweza kwenda mbele au nyuma bila kugeuzwa. Kilifaa sana kwa kona.

Waliokuwa chini hawakukifurahia. Mafuta, maji ya moto na majivu yalidondoka barabarani, na mwenye duka alikunja turubai lake likiwa na matundu.

Reli ya juu ya kwanza ya umeme ni ya Chicago au Liverpool?

Liverpool. Reli yake ya bandarini ilizinduliwa Februari 1893 na kuanza kuchukua abiria mwezi Machi, ikiwa na mabehewa ya mbao yenye mota zake. Ilifuata gati za meli kwa kilomita kadhaa, na makuli wa bandari wakaiita mwavuli wao kwa sababu walijikinga mvua chini yake.

Chicago inaingia kwa maelezo. Maonyesho ya dunia ya mwaka huo huo yalikuwa na reli ya juu ya umeme iliyozunguka viwanja, ikabomolewa maonyesho yalipokwisha. Ya kudumu ilikuwa ya kampuni ya Metropolitan, Mei 1895. Ile ya kusini mwa mji, iliyofunguliwa Juni 1892, ilianza na mvuke.

Sprague anatajwa kila mahali. Alifanya nini?

Kabla yake, treni ya umeme ilikuwa na behewa moja lenye mota linalovuta mengine, yaani kichwa kilichovaa nguo za behewa. Ukiongeza mabehewa, la mbele linazidiwa na magurudumu yanateleza. Frank Sprague aliweka mota kwenye mabehewa mengi na kuyaunganisha kwa nyaya za umeme mdogo, ili dereva wa mbele aamuru mota zote kwa mkono mmoja.

Mwaka 1897 alipata mkataba wa mabehewa 120 ya kampuni ya kusini mwa Chicago. Kwenye majaribio ya hadhara huko Schenectady alimkabidhi usukani mwanawe Desmond, mtoto wa miaka kumi, treni ikaenda. Mchezo wa kuigiza? Bila shaka, lakini waliokuja kutazama walielewa. Kufikia katikati ya mwaka 1898 mvuke ulikuwa umeondoka kwenye njia hiyo, na mpango wa Sprague ndio ulio kwenye karibu kila treni ya mjini hadi leo.

Mabehewa ya enzi ya mvuke yalitupwa?

Mengi hayakutupwa. Manhattan ilipobadilisha njia zake kwenda umeme mwaka 1902 na 1903, mabehewa yaliyokuwa yakivutwa na Forney yaliendelea kazini. Mengine yalifungiwa bogi zenye mota, mengine yakabaki ya kuvutwa. Hii ndiyo sababu unakuta picha ya miaka ya 1930 yenye behewa la miaka ya 1880 likienda kwa umeme.

## Moto na ajali

Mbao na umeme si hatari ya moto?

Ni hatari, lakini mahali pa hatari ni muhimu kuliko behewa lenyewe. Juu ya nguzo treni ikiwaka moshi unapaa, abiria wanaruka kwenye njia ya kutembea, na zimamoto wanaiona kutoka mtaa wa pili. Ipeleke treni hiyo hiyo ndani ya handaki, na habari inabadilika.

Liverpool walilijua mapema. Mwisho wa kusini wa njia yao, Dingle, ulikuwa chini ya ardhi. Desemba 1901 treni ilishika moto humo, mataruma ya mbao yaliyowekwa kando yakawaka, na watu sita wakafa. Agosti 1903 ikaja Paris: treni ya mbao ilianza kutoa moshi kwenye sehemu ya njia iliyo juu, abiria wakashushwa, ikasukumwa kuingia handakini ikiwa tupu. Ilipowaka kweli, treni iliyokuwa nyuma yake ilisimama stesheni ya Couronnes, taa zikazimika, moshi ukawafuata watu. Walikufa 84, wengi kwa moshi. Karibu wote hawakuwa kwenye treni iliyoungua.

Ajali ya Malbone ilikuwaje?

Ilikuwa jioni ya tarehe 1 Novemba 1918, Brooklyn. Madereva walikuwa wamegoma. Kampuni ikamweka kwenye usukani mpanga-treni wa ofisini ambaye mafunzo yake yalikuwa ya haraka haraka. Treni ya mabehewa matano ya mbao ilikuta kona kali kabla ya mdomo wa handaki, kona iliyotakiwa kupitwa kwa kilomita kama 10 kwa saa. Ilipita kwa mwendo mara kadhaa ya huo, ikaacha njia na kujisaga kwenye ukuta wa zege.

Behewa la mbele lilinusurika kiasi. Yaliyofuata yalichanwa. Mabehewa mawili mepesi, yasiyo na mota, yalikuwa yamefungwa pamoja badala ya kutenganishwa na mazito, na ndiyo yaliyopoteza paa na ubavu. Watu wasiopungua 93 walikufa. Mtaa wa Malbone ulibadilishwa jina, leo sehemu yake kubwa ni Empire Boulevard.

Mara nyingi huambiwa kwamba mbao ndiyo iliyoua. Sikubaliani moja kwa moja: dereva asiye dereva kwa mwendo ule angeua pia kwa chuma. Ila mbao ilizidisha hesabu. Inapovunjika haikunjiki, inakuwa mikuki.

Behewa liliwahi kuanguka mtaani?

Ndiyo, Septemba 1905, Ninth Avenue kwenye mtaa wa 53. Treni ilielekezwa kwenye kona ya kuingia Sixth Avenue wakati dereva alidhani anakwenda moja kwa moja. Behewa la pili liliruka na kutua barabarani, na zaidi ya watu kumi walikufa. Hofu ya miaka ya 1870 ilikuwa imetimia, ingawa kwa sababu ya njia panda, si ya tumbo la behewa.

## Chuma kinaingia

Mabehewa ya mbao yenye ubavu wa shaba ni ya aina gani?

Ni ya mpito. Kampuni iliyokuwa ikijenga njia ya chini ya ardhi ya New York ilitaka chuma, na mhandisi wake George Gibbs alilipigania. Viwanda vilikuwa na oda hadi pomoni na havikutaka kujaribu kitu kigeni. Basi wakaagiza 500 ya mchanganyiko: fremu ya chini ya chuma, kiwiliwili cha mbao, ubavu uliovikwa shaba, na bodi za asbesto chini ya sakafu juu ya vyombo vya umeme. Wakati huo huo Gibbs alipata karakana ya reli ya Pennsylvania huko Altoona imtengenezee behewa moja la chuma kitupu mwaka 1903. Lilipofaulu, oda ya mabehewa ya chuma ikafuata. Baadaye yale ya shaba yalihamishiwa kwenye njia za juu, baada ya kupunguzwa uzito.

Kama chuma kilikuwepo tangu 1904, kwa nini mbao ilidumu hadi 1969?

Rudi kwenye nguzo. Njia za zamani za juu zilijengwa kwa vichwa vidogo na mabehewa mepesi. Behewa la chuma la njia ya chini lilizidi uwezo wake. Kuziimarisha kuligharimu fedha nyingi kwa njia ambazo kila mtu alijua zitabomolewa siku moja. Hivyo wakasubiri kubomoa, na wakati wa kusubiri mbao ikaendelea kufanya kazi.

Kisa kizuri ni cha mabehewa ya Brooklyn yaliyojengwa kati ya 1903 na 1908 yakiwa na mageti. Miaka ya mwisho ya 1930 yalizibwa vibaraza na kuwekewa milango ya ubavuni ili yapeleke watu kwenye maonyesho ya dunia ya 1939 huko Flushing. Mwaka 1950 yalipelekwa Third Avenue, na kwa ajili ya uzito yakavuliwa bogi zake na kupewa bogi nyepesi za yale ya shaba. Third Avenue ya Manhattan ikafungwa Mei 1955. Yakarudi Brooklyn, njia ya Myrtle Avenue, yakabaki humo mpaka kipande chake cha zamani kilipofungwa Oktoba 1969. Miezi miwili na nusu kabla yake binadamu walikuwa wameshatua mwezini.

Chicago iliachana nayo mapema zaidi, mwaka 1957. Huko msukumo ulikuwa njia ya chini ya State Street, iliyofunguliwa Oktoba 1943 kwa mabehewa ya chuma tu. Liverpool haikuachana nayo: reli yenyewe ilikufa kwanza, Desemba 1956, kwa sababu chuma cha njia kilikuwa kimeliwa na kutu.

Je, treni moja ilichanganya mbao na chuma?

Wenye akili waliepuka. Zikigongana, chuma kinaipitia mbao katikati.

## Maswali ya pembeni

Mabehewa ya New York yalifikaje California?

Kwa vita. Viwanda vya meli vya Kaiser huko Richmond vilihitaji maelfu ya wafanyakazi, na petroli na matairi vilikuwa kwa mgawo. Serikali ikanunua mabehewa 90 ya njia za juu za New York zilizokuwa zikifungwa, ikayapeleka upande wa pili wa nchi, yakafungiwa vyombo vya kuchukulia umeme kwenye waya wa juu, na kuanzia 1943 yakapeleka mafundi zamu kwa zamu. Yalikuwa na umri wa nusu karne. Mawili yako kwenye makumbusho ya reli ya Western, karibu na Rio Vista.

Ni kweli Chicago ilikuwa na treni ya maiti?

Ni kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 barabara za kwenda makaburini magharibi mwa mji zilikuwa tope. Familia ilikodi treni: jeneza lilipandishwa kwa lifti kwenye stesheni iliyoandaliwa, likaingizwa kwenye behewa maalumu, na waombolezaji wakakaa humo humo au kwenye la nyuma. Huduma hiyo iliisha miaka ya 1930, magari na barabara za lami vilipoichukua kazi.

Behewa lisilo na madirisha ya kawaida lilikuwa la nini?

Huenda ni la fedha. Nauli ya senti tano ilikusanyika stesheni nzima nzima kwa sarafu, na sarafu ni nzito. Behewa lenye walinzi lilipita likizichukua. Moja lililojengwa 1878 lipo kwenye makumbusho ya tramu ya Shore Line, East Haven, Connecticut.

Nitayaona wapi leo?

Makumbusho ya usafiri ya New York, yaliyo ndani ya stesheni ya zamani ya Court Street, Brooklyn, yana ya mageti na yale yaliyozibwa, na mara moja moja huyatoa yakapita njiani na abiria. Behewa namba 1 la kusini mwa Chicago, la mwaka 1892, limo katika makumbusho ya historia ya mji huo. Mengine mengi yako Union, Illinois. La Liverpool liko makumbusho ya Liverpool, limeinuliwa juu kama lilivyokuwa.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa nayo?

Reli ya juu ya mjini, hapana. Mabehewa ya abiria ya mbao tulikuwa nayo, kwenye reli za upana wa mita moja. Makumbusho ya reli ya Nairobi yana lile ambamo mkuu wa polisi Charles Ryall alichukuliwa na simba akiwa Kima mwaka 1900. Treni za SGR leo zinapita juu ya nguzo, Dar es Salaam mjini na ndani ya Mbuga ya Nairobi, ila mabehewa yake ni ya chuma na hayana uhusiano na haya.

Nina picha isiyo na tarehe. Nitakadiriaje umri wake?

Angalia kwanza kichwa: ukiona mvuke Manhattan, ni kabla ya katikati ya 1903, Chicago kusini, kabla ya katikati ya 1898. Kisha angalia sakafu. Ikiwa imeshuka katikati, uko miaka ya 1870 au muda mfupi baadaye. Reli ya tatu kando ya njia, ile inayobeba umeme, inaonyesha umeme umefika, hata kama behewa ni la zamani. Mageti hayatoshi kukupa tarehe, kwa sababu yalidumu miongo mingi. Lakini mlango wa ubavuni kwenye behewa la Brooklyn lenye mbao unakuambia limefanyiwa marekebisho. Mwisho tazama barabara chini: magari, mabango na kofia za watu husema mapema kuliko behewa. Na usiiamini tarehe iliyoandikwa nyuma ya picha kwa kalamu ya mpira.